Punda wa Picha na Punda wa Mchanga

Juma lililopita nilitumiwa tangazo la nyumba moja ya wageni kisiwani Lamu, lenye picha ya punda aliyevishwa shada la maua na kusimamishwa mbele ya mlango wa nakshi, kana kwamba kazi yake hapa duniani ni kupendeza. Lilinichoma, kwa sababu nyumba za namna hiyo hujengwa kwa migongo ya punda hao hao, na migongo yenyewe haitiwi pichani.

Yanapotajwa mateso ya wanyama wa utalii Lamu, lawama hukimbilia mbio za punda za Maulidi na za tamasha la utamaduni. Zile fimbo na mimi sizipendi, lakini mbio ni za muda mfupi. Ukatili wa kila siku umo katika ujenzi. Mawe ya matumbawe huchimbwa Maweni, kisiwani Manda, yakavushwa kwa vyombo, na saruji nayo huja kwa bahari. Kisha kutoka ufukweni hadi kwenye jumba la ghorofa linalopandishwa katika kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, kwa ajili ya mgeni atakayelala humo wiki chache kwa mwaka, mchukuzi ni punda, apande mchanga, ashuke, apande tena. Msogelee mmoja anapopakiwa. Kamba ya nailoni inayoshikilia shogi, yaani mfuko wa mzigo unaotandikwa mgongoni, hupita mahali pale pale kila siku, manyoya yakanyonyoka, ngozi ikachubuka, kikazuka kidonda ambacho nzi hukijua kabla ya mwenye punda. Na juu ya kidonda hicho hurudishwa mzigo, kwa kuwa kijana anayemswaga hulipwa kwa idadi ya safari, naye pia ana tumbo. Punda afe, mzigo wa bwana ufike: tumeigeuza methali kuwa kanuni ya ukandarasi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mji wenye vichochoro vile hauwezi kuishi bila punda, na kwamba kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, imekuwa ikiwatibu pale tangu miaka ya 1980. Lakini tabibu hufunga kidonda ambacho mwenye jumba hukifungua. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumzidishia mnyama mzigo kuwa ni kosa. Hata hivyo anayekaripiwa siku zote ni kijana mwenye fimbo, na sijapata kumwona tajiri wa jumba akiulizwa lolote.

Basi aulizwe yeye. Alipe kwa siku badala ya kulipa kwa safari. Mfuko mmoja wa saruji, wenye kilo 50, uwe ndio mwisho wa mzigo. Na punda mwenye kidonda apumzishwe huku mwenye punda akiendelea kulipwa. Kwa mtu anayeagiza marumaru kutoka ng'ambo, gharama hiyo haifikii hata vigae vya bafu moja.