Mvamizi Nyumbani Kwake

Alhamisi iliyopita nilihudhuria kongamano moja hapa jijini Nairobi, katika hoteli ambayo sitaitaja. Mada ilikuwa kuondoa ukoloni katika fikra zetu. Wasomi wanne walizungumza kwa saa mbili, wote kwa Kiingereza, na sitawabeza, maana wawili kati yao wamenifunza mengi. Kikafika kipindi cha maswali. Safu ya nyuma kabisa akasimama nyanya mmoja, leso begani, ameikumbatia bahasha ya kaki.

"Watoto wangu," akasema kwa Kiswahili, "mimi ni Mwogiek, sisi watu wa msituni, wawindaji na warina asali. Nimetoka msitu wa Mau, upande wa Narok. Sisi tulienda kortini Arusha tukashinda. Tukarudi tena, tukashinda tena. Sasa naomba mniambie, mtu akishinda kesi, nyumba yake huchomwa kwa nini?"

Msimamizi wa kikao alimshukuru. Akamweleza kwa adabu kwamba hilo ni swali la wanasheria na liko nje ya mada. Kipaza sauti kikapelekwa kwa kijana aliyetaka kuuliza kuhusu majina ya barabara.

Nje ya mada! Nimelala na kuamka na maneno hayo tangu siku hiyo. Kama kulikuwa na mtu mmoja ukumbini mle aliyekuwa ndani ya mada, alikuwa yule nyanya na bahasha yake.

Mimi nauona ukoloni hivi. Lugha ni sehemu yake, sanamu ni sehemu yake, majina ya barabara pia. Lakini moyo wake ni huu: anayeitaka ardhi yako anajipa kazi ya kuamua wewe ni nani. Akishaamua, ardhi inamfuata yeye bila hata risasi kulia. Na kila akiitaka tena, anaamua upya.

Jiji hili tunalojivunia lina jina la Kimaasai, Enkare Nyirobi, maji baridi. Mwaka 1904 Olonana, kiongozi wa Wamaasai, na wazee wengine waliwekewa mkataba wa kuondoka Bonde la Ufa, ili walowezi wapate ardhi kandokando ya reli. Waliahidiwa maeneo mawili, moja kusini na jingine Laikipia, yawe yao kwa muda wote ambao Wamaasai watakuwa duniani. Muda huo ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 walowezi walikuwa wameipenda Laikipia pia, ukaja mkataba wa pili, na watu wakaswagwa kwenda kusini na mifugo yao, wazee na watoto wakifa njiani.

Ole Njogo na wenzake hawakushika mikuki. Walimshika mzungu kwa sheria yake mwenyewe, wakaenda kortini. Uamuzi ukatoka mwaka 1913: Wamaasai ni taifa la kigeni, mkataba wao na Mfalme ni jambo la dola na dola, na korti hii haiwezi kulisikiliza. Soma hapo polepole. Watu walioamriwa na afisa wa Mwingereza wakae wapi na wachunge wapi, walipokuja kudai, wakaambiwa ninyi ni dola geni, hatuna mamlaka juu yenu. Wakati wa kuswagwa walikuwa raia wa chini. Wakati wa kudai wakawa taifa huru.

Miaka ishirini baadaye ikaja tume ya ardhi ya Jaji Morris Carter. Hiyo ilikuta msituni watu, Waogiek wakiwemo, ambao serikali iliwaita Ndorobo, neno la Kimaasai la kumdharau fukara asiye na ng'ombe. Ripoti ya 1934 ikapendekeza watu hao wachanganywe na makabila makubwa yaliyo karibu nao, waingie katika hifadhi za hao wengine. Kwa hiyo Wamaasai walinyimwa kwa kuwa ni taifa mno, na Waogiek wakanyimwa kwa kuwa si kabila la kutosha. Ukitaka kujua kuchanganywa huko kulizaa nini, nenda Mukogodo, kule Laikipia, uwatafute wanaozungumza Kiyaaku, lugha ya jamii nyingine ya msituni. Wamebaki wazee wa kuhesabika kwa vidole.

Hapo ndipo wengi wetu hufunga kitabu. Desemba 1963, bendera ikapanda, mkoloni akaondoka, tukaibadilisha Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Sheria za misitu na ardhi hazikupanda meli. Zilibaki, nasi tukazishika.

Oktoba 2009 Huduma ya Misitu ilitoa ilani: wakazi wote wa msitu wa Mau waondoke ndani ya siku 30. Waogiek wakaenda kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tume ikaifikisha kesi mbele ya Mahakama ya Afrika kule Arusha. Mawakili wa Kenya huru walisimama wakasema nini? Kwamba Waogiek si jamii ya pekee bali ni mchanganyiko wa makabila. Kwamba hata kama ni watu wa asili, hawa wa leo si wale wa miaka ya 1930, wamebadilika, wanaishi maisha ya kisasa. Yaani mwaka 1934 tume ya serikali ilipendekeza wachanganywe. Kisha serikali iliyorithi kiti ikasema: mnaona, wamechanganyika.

Mahakama haikukubali. Mei 26, 2017 iliamua kwamba Waogiek ni watu wa asili na kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ya ardhi ikiwemo. Juni 23, 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa maumivu, na ndani ya miaka miwili ardhi yao ipimwe na iandikwe kwa jina la jamii. Miaka hiyo miwili iliisha Juni 2024.

Lakini katikati hapo kuna wiki moja ambayo siwezi kuisahau. Oktoba 31, 2023 Mfalme Charles wa Uingereza alikaribishwa rasmi Nairobi. Akazungumza juu ya huzuni na majuto kwa ukatili waliotendewa Wakenya wakipigania uhuru, bila kuomba msamaha. Tuliandika, tulipaza sauti, mimi mwenyewe niliandika kwa hasira, na tulikuwa na haki ya kudai. Wiki hiyohiyo, Mfalme akiwa bado nchini, nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa na kuchomwa Sasimwani, kule Mau. Habari ilisomwa redioni kwa sauti ile ya taarifa ya hali ya hewa: wavamizi wa msitu wafurushwa. Nilikuwa ndani ya matatu. Hakuna aliyeinua kichwa. Nami sikuinua.

Mvamizi. Neno hilo ndilo mtoto wa neno jingine tunalolijua vizuri zaidi, skwota. Kwa sheria ya 1918 Mwafrika aliruhusiwa kuishi na kulima sehemu ndogo katika shamba la mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi siku 180 kwa mwaka. Mzungu mwenye shamba akaitwa mwenye shamba. Mwenye nchi akaitwa skwota.

Guka wangu, yaani babu, alikuwa skwota. Alizaliwa katika shamba la mlowezi upande wa Njoro, akavaa kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, shingoni ndani ya kikopo chake cha bati, na hadi anakufa hakupenda kitu chochote kimguse shingo, hata tai ya harusi ya mtoto wake. Baada ya uhuru yeye na wenzake walichanga pesa wakaingia katika kampuni ya kununua mashamba, na miaka ya sabini akapata ekari zake nne na taito, hati ya kumiliki ardhi. Alikuwa akiifunga taito hiyo ndani ya kitambaa cheupe kama Biblia. Karo yangu ilitoka katika ekari hizo. Ninachosimulia sasa nakisimulia nikijua hilo.

Nikiwa mdogo palikuwa na mzee mmoja aliyekuja kwa guka karibu kila msimu wa maua. Tulimwita Mzee wa Asali. Chini kule mtoni ilisimama miti mikubwa iliyoachwa na mzungu, na juu yake ilikuwa imetundikwa mizinga ya mtarakwa ambayo guka hakuitundika. Mzee yule alijua jina la kila kijito, majina ambayo sisi hatukuwa nayo. Alituachia asali nyeusi, chungu kidogo mwishoni. Mwaka mmoja guka akaamua kulima mpaka mtoni, akaleta watu wa misumeno. Mzee akaja akasimama langoni. Wakazungumza kwa muda mrefu kwa Kiswahili cha kuokotaokota, kisha nikamsikia guka akiuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Karatasi yako iko wapi?"

Mzee hakujibu. Aliichukua mizinga miwili, ile aliyoweza kuibeba. Hatukumwona tena.

Guka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeulizwa swali hilo maisha yake yote, na siku alipopata jibu akalitumia kwa aliyekuwa chini yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ukoloni ulikuwa jambo la mzungu na Mwafrika basi. Ulitupanga kwenye ngazi, na wengi wetu, tulipopanda daraja moja, hatukuangalia tumekanyaga mkono wa nani.

Najua majibu yatakayokuja. Mtasema msitu lazima ulindwe. Sawa, nakubali, na nakubali bila furaha kwa sababu najua sentensi hiyo imetumika kufanya nini. Mau ndiyo chanzo cha mto Mara, cha Njoro, cha Sondu. Ukikauka tumekwisha. Lakini mwaka 2001 ni serikali yenyewe iliyoondoa zaidi ya hektari 60,000 kutoka misitu ya nchi hii, sehemu kubwa ikiwa Mau, na hazikugawiwa warina asali. Mahakama ya Arusha ilipitia ushahidi huo ikasema wazi kwamba uharibifu ulitokana na wageni walioingia humo, mgao wa serikali na leseni za kukata miti.

Mtasema pia Waafrika wote ni wa asili, nani si mwenyeji hapa? Kenya ilielekea huko Septemba 13, 2007, Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio la haki za watu wa asili. Nchi 144 ziliunga mkono, 4 zikapinga, sisi tukajizuia kupiga kura pamoja na wengine 10. Hata hivyo, miaka mitatu baadaye tuliandika wenyewe katika Katiba, Kifungu cha 63, kwamba ardhi ya jamii ni pamoja na ile ya mababu na ile ya jadi ya wawindaji na wakusanyaji. Basi tuitekeleze. Hatuhitaji mtu wa nje atufundishe maana yake.

Baada ya kongamano nilimkuta yule nyanya nje, ameketi kwenye ukuta mfupi wa maegesho, anasubiri mpwa wake ampeleke stendi ya magari ya Narok. Nilimwomba radhi. Hakusema kitu, akafungua bahasha akanipa hukumu ya 2017, kurasa zimekunjika kwenye pembe, yote Kiingereza. Alikuwa amezunguka nayo miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kumsomea yote. Tukaketi. Nikawa nasoma aya moja, namwambia kwa Kiswahili, anatikisa kichwa, tunaendelea.

Tulipofika mahali mahakama inaposema Waogiek hawawezi kulaumiwa kwa kuharibika kwa msitu, akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, kisha nimwandikie kwa Kiswahili nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa, ili mjukuu wake aweze kuisoma. Nikaandika. Akauliza ni tarehe gani majaji walisema maneno hayo. Nikamwambia Mei 26, 2017.

Akahesabu kwa vidole. "Nyumba yangu waliichoma miaka sita na miezi mitano baadaye," akasema. "Andika na hiyo."