Njia ya Miguu, Njia ya Sindano

Kila penye barabara iliyopimwa pana watu waliokataa kuizunguka. Wanakata kona kwenye majani, leo mmoja, kesho wawili, na baada ya msimu ardhi inabaki na upara mwembamba ambao kila mpita njia anaujua ingawa haumo kwenye ramani yoyote. Sisi huita njia ya mkato, au njia ya panya, jina ambalo limeshamtia mpitaji hatiani kabla hajafika. Wapanga miji wa Ulaya na Marekani huiita mstari wa matamanio. Siku hizi wapo wasanii wa nguo huko wanaozishona njia hizi kwenye mifarishi, yale mablanketi ya tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati, kitambaa kitupu chini, vyote vikishikwa pamoja kwa bandi, mishono ya sindano inayopenya tabaka zote. Hayatandikwi kitandani. Yanatundikwa ukutani.

Wapo wanaokerwa na jambo hili, na hawasemi ovyo. Njia ya mkato, wanasema, haina mwenyewe. Hakuna aliyeichora, na hakuna aliyepanga ipite wapi. Mfarishi wa maonyesho una jina la mtu pembeni, umepimwa kwa rula, umechukua miezi mikononi mwa mshonaji aliyejua tangu mwanzo anakokwenda. Pili, wasanii wengi huionyesha njia kutoka juu, kama ndege anavyoiona, na aliyeikanyaga hakuwahi kuiona hivyo. Yeye aliona kituo cha basi mbele yake. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, njia hizi mara nyingi ni za watu wasio na gari. Kuzigeuza pambo la sebule ya mwenye magari mawili kunawakera, na kungemkera yeyote.

Hofu hiyo ya tatu ina historia. Wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, walishona kwa vizazi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York, na dunia ikashangaa. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani kudai kwamba hawakupata haki yao. Anayeuliza nani ananufaika kazi ya mikono inapohamia ukutani ana sababu ya kuuliza.

Lakini naona wakosoaji wanaanzia mahali pabaya. Wanauhesabu mfarishi kuwa ni picha ya njia, wakati ushonaji wenyewe ni kutembea.

Juzi nilichukua vipande viwili vya marekani, ile pamba isiyotiwa rangi ambayo jina lake bado linawakumbuka wafanyabiashara walioileta Zanzibar karne ya 19. Nikaweka pamba katikati, nikapiga bandi mstari mmoja uliopinda, kwa uzi wa rangi ileile ya kitambaa. Haukuonekana sana. Nikapiga wa pili kando yake, karibu kabisa, kisha wa tatu. Pamba ikaanza kulala. Kufika wa saba palikuwa na bonde linaloshikika kwa kidole, na kando zake mbili zimevimba kama kingo za njia baada ya mvua. Sikuwa nimechora chochote. Kilichoonekana kilikuwa kivuli.

Miguu hufanya hivyohivyo kwenye udongo. Haiongezi kitu, inashindilia. Hewa inatoka kati ya chembe, maji yanashindwa kupenya, mizizi inasongwa, majani yanakufa pale tu mguu ulipokanyaga tena na tena. Rangi ya mchoraji hukaa juu ya turubai. Bandi huibana pamba kama unyayo unavyoibana ardhi, hatua kwa hatua, na hatua moja peke yake si kitu. Mwaka 1967 Mwingereza Richard Long alikwenda na kurudi kwenye konde hadi majani yakalala mstari mmoja, kisha akaupiga picha. Ilikuwa kazi safi, ila ilimbidi atembee kwanza ndipo aonyeshe. Mshonaji anatembea na kuonyesha kwa tendo moja.

Na kuhusu njia kutokuwa na mwenyewe: Uingereza na Wales zina sheria ya barabara ya mwaka 1980 inayosema kwamba umma ukipita mahali wazi wazi kwa miaka 20 bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, huhesabiwa kuwa njia imekwishatolewa kwa umma, mpaka mwenye ardhi athibitishe kwamba hakukusudia hivyo. Sheria hiyo inakubali kwamba njia ina watungaji, ila ni wengi. Mfarishi wa kale nao ulikuwa hivyo, wanawake wameizunguka fremu moja, kila mmoja na upande wake. Jina moja pembeni limeletwa na maonyesho. Hata mtindo mmoja wa zamani wa viraka, wa robo duara zinazopindapinda, huko Marekani unaitwa Njia ya Mlevi. Washonaji walifikiria nyayo muda mrefu kabla ya kumbi za sanaa.

Kuna hesabu moja inayonirudia kila ninapowaza jambo hili. Watafiti Alec Foster na Joshua Newell walipekua picha za jiji la Detroit, Marekani, zilizopigwa kutoka juu mwaka 2010, wakahesabu vijia zaidi ya 5,000 vilivyokanyagwa kwenye viwanja vitupu. Ukiviunganisha vinapita maili 150, yaani kilomita 240 hivi, mbali kuliko Dar es Salaam hadi Morogoro. Lakini igawanye hesabu hiyo. Kila kijia, kwa wastani, hakifiki mita 50. Huo ni upana wa viwanja vichache. Mtu ameokoa nusu dakika, pengine na mifuko ya sokoni mikononi, pengine gizani akiwahi zamu. Na majani hayafi kwa safari moja, wala kumi. Kwa hiyo ndani ya kila mita 50 zile kuna mamia ya safari za watu waliobaki katika mji uliokuwa na wakazi zaidi ya 1,800,000 mwaka 1950 na ukabakiwa na 700,000 na ushee mwaka 2010. Waliobaki waliushona upya mji kwa miguu, kiraka kwa kiraka, pale nyumba zilipong'oka. Kufikia 2016 vijia vingi vilikuwa vimetoweka. Hakuna ofisi iliyotoa tangazo kwamba vimefungwa.

Hapo ndipo kazi ya Kathryn Clark inapoanza kuniuma. Aliwahi kuwa mpanga miji, na anashona mifarishi ya ramani za mitaa ya Marekani. Pale benki zilipochukua nyumba kwa deni, kitambaa kina tundu. Ndiyo, anatazama kutoka juu. Lakini benki nazo zilitazama kutoka juu, na tundu lile halionekani vizuri zaidi kutoka mahali pengine. Valerie Goodwin wa Florida, msanifu majengo, naye hushona ramani, na ramani ya kitambaa hukunjika, huchakaa na hupokea kiraka, kama mji wenyewe.

Kazi nyingine zinashindwa, na hapo nawapa wakosoaji haki yao yote. Msanii anachapisha picha ya setilaiti kwenye kitambaa, kisha cherehani inajaza mawimbi sawasawa kila mahali. Pamba imebanwa kote, kwa hiyo hakuna njia. Ni ardhi yote imekanyagwa na hakuna aliyepita. Hiyo ni picha kweli, na ingebaki karatasi isingepungukiwa na kitu.

Kwa zile zilizoshonwa kwa miguu ya sindano, nina ombi moja kwa wanaozitundika: ziacheni mbali na ukuta, mtu aweze kuzunguka nyuma. Kule hakuna viraka, rangi wala ramani. Kuna kitambaa kitupu, mabonde yanayotoka pindo hadi pindo, na hapa na pale fundo dogo, uzi ulipomwishia mshonaji akatia mwingine akaendelea.