Kabla Hujaomba Kompyuta Mpya, Fungua Hiyo Makro

Maombi ya kompyuta mpya yanayotoka idara ya uhasibu mara nyingi huwa na sababu ileile: Excel inaganda. Ukiuliza inaganda ikifanya nini, unaambiwa ni pale kitufe cha ripoti ya mwezi kinapobonyezwa. Skrini inafifia, kishale kinazunguka, watu wanakwenda kunywa chai. Uongozi unaidhinisha, mashine mpya inafika ikiwa bado na nailoni zake, kitufe kinabonyezwa, na chai inanyweka vilevile.

Msimamo wangu ni kwamba fedha hizo, mara nyingi, zimetupwa. Nyuma ya kitufe hicho kuna makro, yaani orodha ya maagizo ambayo Excel inayatekeleza yenyewe. Makro za Excel huandikwa kwa VBA, lugha iliyoingia kwenye Excel 5 mwaka 1993, na mpaka leo VBA inatumia kiini kimoja tu cha prosesa kwa wakati mmoja. Tangu toleo la 2007 Excel yenyewe inaweza kugawa ukokotoaji wa fomula zake kwa viini kadhaa, lakini makro uliyoandika haigawanyiki. Ukinunua mashine ya viini 8, saba vitakaa tu wakati mmoja unahangaika. Utapata nafuu kidogo kwa kuwa kiini hicho kimoja ni kipya na kina kasi zaidi. Basi.

Ukileta malalamiko haya kwenye kundi lolote la WhatsApp la wahasibu, utaletewa dawa ya mistari mitatu: ScreenUpdating iwe False, Calculation iwe xlCalculationManual, EnableEvents iwe False. Mistari hiyo ni ya kweli. Wa kwanza unaizuia Excel kuchora skrini upya kila seli inapoguswa, wa pili unazuia fomula zisikokotolewe upya kila thamani inapobadilika, wa tatu unanyamazisha makro nyingine zinazosubiri mabadiliko ya shiti ili nazo zianze kukimbia. Kinachonikera ni namna inavyonakiliwa bila kusomwa, kwa sababu katika mitatu hiyo mmoja tu ndio unaojirudisha wenyewe. Makro ikimalizika, skrini inarudi kuchorwa kama kawaida. Calculation na EnableEvents zinabaki pale ulipoziacha.

Sasa piga picha makro imekatika katikati kwa kosa dogo, tuseme seli iliyotakiwa kuwa na namba ina neno "haijalipwa". Mtu anabonyeza End kwenye kisanduku cha kosa, anaendelea na kazi zake. Excel imebaki kwenye ukokotoaji wa mkono, na si kwa faili lile tu, bali kwa kila faili lililofunguliwa. Anabadilisha kiasi cha mkopo, jumla ya chini haibadiliki. Hakuna kengele wala rangi nyekundu. Anachapisha, ripoti inakwenda kwenye bodi ya SACCOS ikiwa na jumla ya wiki iliyopita. Makro ya polepole haiwezi kukufanyia ubaya huo. Kwa hiyo yeyote anayeweka mistari mitatu juu, lazima aweke On Error GoTo, amri ambayo kosa likitokea inapeleka kwenye sehemu ya mwisho ya makro, na sehemu hiyo iyarudishe yote kama yalivyokuwa, kazi iwe imefaulu au imefeli. Na ahifadhi kwanza hali iliyokuwepo, maana kuna watu wenye faili nzito wanaotumia ukokotoaji wa mkono kwa makusudi, na hawatakushukuru ukiwawashia wa moja kwa moja.

Lakini hata ukiiweka vizuri, dawa hiyo inatuliza tu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye safari kati ya VBA na shiti. Kila unapoandika Cells(i, 4) ndani ya kitanzi, yaani maagizo yanayojirudia mstari kwa mstari, VBA inatoka kwake, inavuka kwenda Excel, inaomba thamani, inarudi. Safari moja ni ndogo sana, huioni. Chukua shiti ya michango yenye mistari 40,000: unasoma kolamu D, unasoma kolamu E, unaandika tofauti kwenye F. Hizo ni safari 120,000. Ni saidia fundi anayeleta tofali moja moja kutoka barabarani huku toroli limeegemezwa ukutani.

Toroli lenyewe ni hili:

Dim d As Variant, f() As Variant, i As Long
d = Sheets("Michango").Range("D2:E40001").Value2
ReDim f(1 To UBound(d, 1), 1 To 1)
For i = 1 To UBound(d, 1)
    f(i, 1) = d(i, 1) - d(i, 2)
Next i
Sheets("Michango").Range("F2:F40001").Value2 = f

Safari mbili: moja ya kwenda kuchukua, moja ya kurudisha. Katikati, hesabu zote zinafanyika kwenye kumbukumbu ya kompyuta na shiti haiguswi kabisa. Kazi iliyokuwa inakula muda wa chai inamalizika kabla hujainua mkono kwenye kipanya, na hapo hata ile mistari mitatu inakuwa haina mengi ya kuongeza.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. Nimeandika Value2 badala ya Value kwa sababu Value hupoteza muda kugeuza tarehe na fedha ziwe za aina zake maalumu. Value2 hukupa namba tupu. Na nimerudisha kolamu F peke yake. Ukisoma A mpaka F yote kisha ukairudisha yote, fomula yoyote iliyokuwa humo imegeuka kuwa namba iliyokufa, na hutajua mpaka mwezi ujao. Kingine, ambacho kwa kawaida hugundulika siku tawi jipya linapofunguliwa likiwa na mwanachama mmoja: eneo la seli moja halirudishi arei (jedwali la thamani lililo kwenye kumbukumbu, kama d hapo juu), linarudisha thamani moja, na UBound, inayouliza arei inaishia wapi, inagoma hapohapo. Hapa juu tunasoma kolamu mbili kwa hiyo tumesalimika, ila anayesoma kolamu moja aweke tahadhari.

Kuhusu kinasa makro, yaani Macro Recorder inayokuandikia makro kwa kufuata unachofanya, nina maneno machache. Ni mwalimu mzuri wa majina ya vitu na mwalimu mbaya wa tabia. Hunasa kila ulichogusa: Select hapa, Selection pale, Activate, kushuka chini, kupanda juu. Ukikuta makro imejaa Select, karibu yote yanafutika. Range("A1").Select ikifuatiwa na Selection.Copy ni Range("A1").Copy tu.

Penye mateso ya kweli ni kwenye kulinganisha orodha mbili. Una miamala 40,000 kutoka kwenye taarifa ya malipo ya simu na wanachama 3,000 kwenye rejista. Unataka kila muamala upate namba ya mwanachama wake. Njia inayoandikwa na wengi ni kitanzi ndani ya kitanzi: kwa kila muamala, pita kwenye rejista mpaka umpate mtu. Mambo yakiwa mabaya kabisa hiyo ni milioni 120 za ulinganisho, na hata kwa wastani ni nusu yake. Hapa hata toroli halikuokoi vya kutosha. Unachohitaji ni Scripting.Dictionary, orodha inayokupa kitu moja kwa moja ukiitajia ufunguo wake: unaingiza wanachama 3,000 mara moja, namba ya simu ikiwa ndiyo ufunguo, kisha kila muamala unauliza mara moja tu. Jumla ni hatua 43,000.

Ila Dictionary haina huruma na data chafu. Kwake 1023 iliyo namba na "1023" iliyo maandishi ni funguo mbili tofauti. Namba za simu ndizo zinazoumiza zaidi, kwa sababu rejista moja ina 0712 na kuendelea, nyingine Excel imeila sifuri ya mbele ikabaki 712, na taarifa ya kampuni ya simu inakuja na 255712. Kabla ya kuingiza chochote, pitisha kila namba kwenye kazi moja fupi inayoigeuza kuwa maandishi, inaondoa nafasi, na inabakiza tarakimu tisa za mwisho. Nimeona watu wakiilaumu Dictionary kwamba haipati wanachama, kumbe wanachama wapo, wamevaa nguo tofauti. Wanaotumia Mac wajue pia kwamba Dictionary hii haipo kwao. Watatumia Collection, ambayo ina mapungufu yake.

Kufuta mistari nako kuna mtego. Kila mstari unaofutwa, Excel inasogeza yote iliyo chini yake. Futa 5,000 mmoja mmoja uone. Soma shiti yote kwenye arei, nakili unaotaka kubaki nao kwenye arei ya pili, safisha eneo, andika ya pili. Hakuna kufuta popote.

Wakati mwingine makro haina hatia, shiti ndiyo chafu. OFFSET, INDIRECT, NOW na TODAY hukokotolewa upya kila kitu chochote kinapobadilika, hata kama hakiwahusu. Faili lenye maelfu ya INDIRECT litaitesa makro yoyote inayoandika humo. Halafu kuna rangi za masharti (Conditional Formatting): kila ukinakili na kubandika mistari, sharti moja linakatika vipande, na baada ya mwaka unakuta mamia ya masharti yanayosema kitu kilekile. Yafute yote, weka moja upya.

Kuna kosa ambalo halihusu kasi ila linaharibu siku. Makro za zamani hutangaza i As Integer. Integer ya VBA inaishia 32,767. SACCOS ikikua, siku mstari wa 32,768 unapofikiwa makro inasimama na kosa namba 6, na kila mtu anadhani kuna virusi. Andika Long. Haikugharimu kitu.

Na usianze kurekebisha chochote kabla ya kupima. Weka t = Timer mwanzoni mwa kila sehemu na Debug.Print Timer - t mwishoni mwake. Nusu ya makro nilizoletwa, mwenyewe alikuwa na uhakika kwamba tatizo ni hesabu, na kipimo kikaonyesha ni upangaji wa kurasa za kuchapisha. PageSetup huzungumza na printa kwa kila mpangilio unaoubadilisha. Tangu Excel 2010 unaweza kuweka PrintCommunication iwe False, ukapanga yote, kisha ukairudisha True.

Ukitaka mhasibu aone kazi inakwenda, andika kwenye StatusBar kila mistari 1,000, isiwe kila mstari, la sivyo hicho kipimo cha maendeleo ndicho kitakachochelewesha maendeleo. Ukimaliza weka StatusBar iwe False ili Excel irudishiwe sehemu yake.

Kazi za kusafisha taarifa za benki, zile za kuondoa vichwa vya habari vinavyojirudia na kugawa kolamu, mimi siziandikii makro tena. Power Query, zana ya kuvuta na kusafisha data, imo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, na hatua zake mtu mwingine anaweza kuzisoma bila kujua VBA. Najua wapo wazee wa makro wataniona msaliti. Sawa.

Waliohamia Google Sheets wasidhani wamekimbia jambo hili. Huko makro huandikwa kwa Apps Script, na sheria ya safari ni ileile, tena kali zaidi kwa sababu shiti iko kwenye seva: getValues mara moja, fanya kazi yako, setValues mara moja. Anayeita getValue seli kwa seli atakutana na ukomo wa dakika 6 kwa kila mkimbio, na script itakatwa hata kama ilikuwa imebakiza mstari mmoja.