Kivuli Pia ni cha Jengo

Anayetuchagulia mada simjui uso, lakini Nairobi haishi. Kila Jumatatu asubuhi anatupa neno moja kwenye kikundi chetu cha changamoto ya picha, na kufikia Jumapili usiku uwe umeleta picha moja ya wiki hiyo hiyo. Usijaribu kuchomoa ya zamani. Mwenzetu mmoja alileta mtaa umejaa maua ya zambarau mwezi wa Juni, na kila mtu anajua jakaranda za mji huu hungoja Septemba, Oktoba. Alitoka kikundini bila kuaga.

Kuna wiki tuliambiwa “Kivuli kirefu”. Kirefu! Sisi tuko nyuzi moja na kitu tu kusini mwa ikweta. Mchana wa Machi jua limekukalia utosini, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Kirefu utakipata asubuhi na jioni, kwenye ule mwanga wa manjano wanaousifu, nao hapa kwetu haukai: jua linadondoka wima, na kufika saa moja usiku ni giza. Mwanga wenyewe mtu wa kuajiriwa anauonea wapi? Ndani ya matatu, kwenye jam, dirisha limebandikwa sura ya mchezaji mpira.

Basi nikaomba ruhusa kazini, nikasimama mjini mbele ya ghorofa moja lililolaza kivuli chake hadi ng'ambo ya barabara. Sijainua kamera vizuri, askari huyu hapa.

“Bosi, hiyo kamera ni ya nini?”

“Napiga kivuli, afande.”

“Cha jengo letu?”

“Kimelala barabarani, na barabara ni ya umma.”

“Kivuli pia ni cha jengo. Piga barabara, kivuli uache.”

Pembeni yangu wasichana wawili wanajirekodi kwa simu wakicheza, jengo lote limo, mlango, lango, hadi askari mwenyewe. Hao hawaulizwi. Mji huu simu ni burudani, kamera ni ujasusi.

Lakini iliyonitoa jasho ni wiki ya “Mwendo”. Ukitaka gari lionekane linakwenda, unapunguza kasi ya shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, hadi 1/30 hivi ya sekunde, unabana viwiko mbavuni, unazungusha kiuno ukilifuata, na unabonyeza huku bado unazunguka. Gari linatoka safi, nyuma yake inakuwa michirizi. Sasa tafuta gari linalokwenda, Tom Mboya Street, saa kumi na moja jioni. Na likipatikana, makanga akikuona unazungusha kiuno anajua ni abiria: “Githurai mmoja! Beba huyo wa kamera!” Nimeshikwa mkono, nimevutwa hadi mlangoni, na Githurai sina hata shangazi.

Nikaipata lakini. Uso uliochorwa ubavuni mwa matatu umetoka hadi kope, mtaa mzima nyuma umeyeyuka. Nikaituma nikingoja makofi. Mtu akaandika: “Safi, lakini hadithi iko wapi?” Hadithi ni kwamba matatu inaenda Githurai!

Na wakishakukosoa wanamleta Mohamed Amin, yule mpiga picha. Ni kweli, alizaliwa Nairobi hii hii mwaka 1943, na picha zake za njaa ya Ethiopia za 1984 ziliitikisa dunia. Lakini yeye hakuna aliyemtuma akatafute “Mduara” kabla ya Jumapili. Mimi nilipiga sufuria.

Aliyenifunza kitu bila kelele ni mzee mmoja anayepiga watu picha bustanini kwa malipo. Aliniona nikimpiga binamu yangu juani, macho yamefumba, pua imetupa kivuli hadi kidevuni. Akamshika bega, akamwingiza chini ya mti, akamgeuza uso atazame nje kwenye mwanga. Ngozi ikatulia, macho yakafunguka. Halafu akaniuliza hiyo changamoto inalipa ngapi. Nikamwambia hailipi. “Sasa wewe umeandikwa na nani?” Bado natafuta jibu.

Nyumbani ndiko kubaya. Mvuke wa chakula hauonekani mpaka mwanga utoke nyuma yake, na nyuma kabisa kuwe na kitu cheusi. Kwa hivyo wiki ya “Mvuke” nilisogeza meza karibu na dirisha, nikatundika leso nyeusi, nikaweka ugali ukiwa umetoka jikoni sasa hivi. Mvuke ukapanda mweupe, uzi kwa uzi. Watoto wamekaa mikono imenawa, inakauka. “Baba Brayo,” mke wangu akasema, “hiyo leso ni ya matanga, na hawa watoto wana njaa. Utakula ama utapiga?” Nikamwomba apashe ugali kidogo, umeacha kutoa moshi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hii shida inafanya kazi. Siku hizi nashindwa kunyolewa kwa amani, naangalia taa ya kinyozi inavyokata shavu la mteja wa pembeni. Natazama picha zangu za zamani, mti umemwota bibi harusi kichwani, nashangaa nani aliniruhusu niguse kamera.

Leo mada ni “Ukimya”. Mimi nakaa Umoja, kushoto fundi wa milango ya chuma, kulia kanisa la kesha, chini kinyozi na spika yake. Nimemwambia Mama Brayo angalau yeye asikaange kitu mpaka Jumapili.

“Sawa,” akasema. “Utakula huo ukimya.”