Darcy Ahamia Bushwick: Kusimulia Upya Riwaya Kongwe kwa Vijana

Mwaka 2018 Ibi Zoboi, mwandishi mzaliwa wa Haiti aliyekulia New York, alitoa riwaya ya vijana iitwayo Pride. Ni Pride and Prejudice ya Jane Austen, ya mwaka 1813, iliyohamishiwa mtaa wa Bushwick, Brooklyn. Elizabeth Bennet, shujaa wa Austen, sasa ni Zuri Benitez, msichana wa miaka 17 mwenye asili ya Haiti na Jamhuri ya Dominika. Darcy, tajiri ambaye Elizabeth anaanza kwa kumchukia, ni kijana mweusi ambaye familia yake tajiri imekarabati jumba lililokuwa gofu ng'ambo ya barabara. Vitabu vya aina hii vimejaa rafu za vijana Marekani na Uingereza, na ubishi haujapoa: je, vinawavuta vijana kwenye fasihi kongwe, au vinawapa kisingizio cha kutoisoma?

Wanaovipinga wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni sauti. Riwaya nyingi za vijana husimuliwa kwa nafsi ya kwanza, mhusika akitueleza kila anachohisi papo hapo. Msimulizi wa Austen yuko nje, ila huteleza akaingia kichwani mwa Elizabeth bila kubisha hodi, nasi tukazimeza dhana za binti huyo tukidhani ni ukweli. Fungua sura ya 35 na 36. Darcy anamkabidhi barua ndefu. Elizabeth anaisoma kwa hasira, anaiweka kando akiapa hataitazama tena, na nusu dakika haijapita ameikunjua upya. Anarudia sentensi moja moja, akipima maneno ya Wickham, afisa aliyemsema Darcy vibaya, aliyoyaamini bila ushahidi, mpaka anakiri kwamba hadi saa ile hakuwa akijijua. Msomaji naye kanaswa, maana naye alimwamini Wickham. Ukiigeuza barua ile kuwa ujumbe wa simu na ukurasa mmoja wa machozi, umeondoa kiini cha kitabu.

Hoja ya pili ni biashara. Hakimiliki ya Austen iliisha zamani, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa wala wa kulipwa, na jina linajiuza. Hakimiliki ya riwaya The Great Gatsby ilipoisha Marekani, Januari 1, 2021, masimulizi mapya yalifuata upesi. Mwandishi chipukizi mwenye kisa chake mwenyewe anashindana na majina hayo kwenye rafu ile ile, na hilo linauma kweli.

Lakini anayesema kusimulia upya ni uvivu aanze kumshitaki Shakespeare. Romeo na Juliet wake wanatokana na shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562. Brooke alikitandaza kisa kwa miezi tisa hivi. Shakespeare alikibana kikaisha ndani ya siku chache, na Juliet wa miaka 16 akamshusha hadi chini ya 14. Pupa inayowaua wapenzi wale ilizaliwa katika mabadiliko hayo. Sisi wa Kiswahili nasi tumo: miongoni mwa vitabu vya mwanzo kuchapishwa Zanzibar ni Hadithi za Kiingereza za Edward Steere, 1867, zilizotolewa katika visa vya Shakespeare ambavyo Charles na Mary Lamb walikuwa wamewasimulia watoto.

Kwangu mimi, swali la kupima kila kitabu cha namna hii ni moja: kisa kinasukumwa na nini? Kwa Austen, mapenzi yanasukumwa na sheria ya urithi. Shamba la Longbourn, la baba yake Elizabeth, lenye pato la pauni 2,000 kwa mwaka, lazima liende kwa mwanamume, na mzee Bennet ana mabinti watano tu. Akifa, Collins, ndugu wa ukoo, analichukua. Wanawake wasio na mali hawana budi kuolewa, ndiyo maana Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth mwenye miaka 27, anamkubali Collins bila kumpenda. Zoboi alilielewa hili. Familia ya Zuri ni wapangaji. Matajiri wanahamia mtaani, bei zinapanda, na nyumba inaweza kuuzwa wao wakiwa ndani. Chuki ya Zuri kwa Darcy ina miguu ya kusimamia.

Vitabu vinavyoanguka hubadili mapambo tu: dansi ikawa sherehe ya shule, farasi wakawa magari. Lydia, mdogo wake Elizabeth wa miaka 16, anapotoroka na Wickham mwaka 1813, dada zake wote wanaharibikiwa bahati ya ndoa. Leo binti akiondoka na mpenzi wake, dada zake hawapotezi kitu, kwa hiyo mwandishi lazima atafute aibu isiyorudishwa nyuma, kama picha za siri zilizosambazwa. Vivyo hivyo kwa barua ya kwenda kwa Romeo iliyokwama kwa sababu mjumbe alifungiwa ndani kwa hofu ya tauni: simu ingeifikisha kwa sekunde moja.

Tahadhari moja kwa anayetaka kuandika: fanya kazi na matini asilia, si filamu. Darcy kujitosa bwawani hakumo kwa Austen. Kulibuniwa kwa tamthilia ya BBC ya 1995, na hiyo bado ina wenye hakimiliki.

Kwa mwalimu, ningeanza na sura ya 34, Darcy anapoposa na kukataliwa, isomwe kwa sauti kabla ya tukio linalolingana nalo katika toleo jipya. Kisha wanafunzi waulizwe: msichana huyu akisema hapana, nani atakosa pa kulala?