Kusaka AM za mbali usiku barabarani, ina maana tena siku hizi?

Jamaa ninayeendesha naye lori ni Mkongo wa Bukavu, na ugomvi wetu mkubwa humu ndani sio hela wala zamu ya kulala, ni redio. Mi jua likishazama naachana na simu nahamia AM, yaani redio ya masafa ya kati, nazungusha taratibu natafuta stesheni za mbali, Nashville, Chicago, Denver, New Orleans, sasa yeye huko nyuma kitandani anafunua pazia: "Ndugu, hii makelele ni ya nini? Tia simu." Na ana hoja, nisijifanye sioni, ndo maana nataka tuipime hii kitu vizuri, maana madereva waswahili huku Marekani tuko wengi na najua kuna wenzangu mnafanya bila kujua kwamba ni hobi ya watu kabisa, wana madaftari na kila kitu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mchana AM haifiki mbali kwa sababu huko juu, kama kilomita 60 mpaka 90, kuna tabaka ambalo jua linalichaji na lenyewe linameza mawimbi yanayopanda. Jua likizama lile tabaka linapotea, mawimbi yanapita yanaenda kugonga la juu yake na kurudi chini mbali kabisa, kwahiyo stesheni ya wati 50,000, ndo kikomo cha Marekani, unaikamata uko majimbo manne mbele. Kuna wakati walijaribu na makubwa zaidi, WLW ya Cincinnati kuanzia 1934 hadi 1939 iliruhusiwa kurusha kwa wati 500,000! Sisi tuliokulia na redio ya mbao ya mzee hatuhitaji kuelezwa sana, kwetu Tabora betri zilianikwa juani mchana, usiku mzee anasogeza mshale kidogo kidogo, unasikia Kenya, unasikia watu wa Burundi, mara kinapita Kiarabu, na ole wako upite mbele ya antena.

Sasa kwanini msafiri? Kwa sababu redio inakuonyesha unakokwenda kabla hujafika. Majina ya stesheni huku yanaanza na W ukiwa mashariki ya mto Mississippi na K ukiwa magharibi (wapo wachache wasiofuata hivyo, KDKA iko Pittsburgh, WHO iko Iowa), na sheria inawataka wajitaje jina na mji kila saa, karibu na saa kamili. Ndo pale unapokaa kimya unasubiri. Unatoka Alabama unapanda na barabara kuu ya I-65, WSM ya Nashville namba 650 inazidi kunenepa kila maili, halafu kabla tu ya Nashville, pale Brentwood, unauona mnara wake pembeni ya barabara, umechongoka chini na juu kama pia mbili zimegandishwa, umesimama hapo tangu 1932. Ile sauti uliyokuwa nayo usiku kucha unapita mlangoni kwake. Hiyo, app ya simu haina.

Ila subiri kwanza. Usiku mmoja tumepaki kusini mwa Georgia, I-95, nikachukua karedio kangu ka mkononi nikatoka nje maana ndani ya gari inveta na taa za LED zinapiga kelele mpaka huwezi kusikia kitu, nikatembea mpaka mwisho wa yadi kwenye giza. Nikawa nakageuza, maana antena ya AM iko ndani, ukikageuza hivi stesheni moja inakufa inatokea nyingine chini yake. Nikasikia tiki, tiki, tiki, kama saa ya ukutani, mtu anasoma habari kwa Kihispania haraka haraka, na kila dakika mlio wa Morse, ile alfabeti ya milio mifupi na mirefu, herufi R mara mbili. Radio Reloj ya Cuba, wanarusha hivyo hivyo tangu 1947. Nilifurahi kama mtoto. Nikarudi kwenye gari nikaitafuta kwenye simu, safi, haina mkwaruzo hata mmoja, nikasikiliza dakika mbili nikazima.

Hapo ndo mzizi wa ubishi wetu na Mkongo wangu. Yeye anasema kama kitu kikiwa kisafi hukitaki basi wewe hupendi redio, unapenda tabu. Mi nasema hapana, nilichopenda ni kwamba ile sauti ilivuka bahari yenyewe ikanikuta pale kwenye giza. Ila nakubali upande wake una nguvu kuliko tunavyopenda kukiri, hasa kwenye vipindi. Zamani hizi stesheni zilikuwa na sababu ya kusikilizwa na dereva, WBAP ya Texas mwaka 1969 ilimuweka Bill Mack usiku kwa ajili ya watu wa malori, WWL ya New Orleans ikafuata 1971 na kipindi chake cha The Road Gang. Leo unazunguka namba tano unakuta mtu yule yule anaongea siasa ile ile kwenye tano zote, kipindi kimoja kimeuzwa nchi nzima. Umesafiri wapi sasa hapo? Na hata majina makubwa yanaondoka, WCBS 880 ya New York habari masaa 24 iliishia Agosti 2024, pakawekwa michezo na jina jipya.

Halafu kuna hii ya magari. Mota za umeme zinaichafua AM, kampuni kadhaa zikaitoa kwenye magari ya umeme, Ford nao 2023 walitangaza kuiondoa wakabadili mawazo ndani ya wiki chache baada ya kelele, na mwaka huo huo maseneta Markey na Cruz, watu ambao hawakubaliani karibu kwenye kitu chochote, wakapeleka mswada wa kulazimisha kila gari jipya liwe nayo. Wenzangu wa hobi walishangilia. Mi naona tusijidanganye, hoja ya pale ni dharura, kwamba kuna stesheni 77 zilizoandaliwa na serikali kutangaza mambo yakiharibika, na kimbunga Katrina 2005 WWL iliendelea kuongea na watu wakati simu zimekufa. Hiyo nakubali mia kwa mia. Lakini kumlipisha mnunuzi wa gari ili mi nisake Cuba, hapana, karedio kangu ka mfukoni kanatosha na tena kanafanya kazi vizuri kuliko ka kwenye dashibodi.

Kwahiyo tumewekeana masharti, mpaka saa sita usiku simu yake, baada ya hapo redio yangu, ila sauti chini na nisishike namba gari likiwa kwenye kona.

Juzi alfajiri tuko Nebraska, I-80, saa moja kasoro dakika kumi hivi, nikapita kwenye Kihispania na akodioni, nikawa nataka kuendelea mbele pazia likafunuka. "Acha hapo kwanza." Tukasikiliza wote, yeye kakaa na blanketi mabegani, nyimbo mbili, mtangazaji anacheka peke yake. Nikamwambia tusubiri saa kamili watajitaja. Nyuma yetu upande wa mashariki kukaanza kupauka, sauti ikawa inaenda inarudi, inaenda, kasoro dakika moja ikazama kwenye mvumo. Akaniuliza ilikuwa ya wapi ile, nikamwambia sijui, pengine Meksiko. Akachukua simu akaanza kuitafuta, mpaka tunaingia North Platte kujaza mafuta hajaipata.