Nilivyomkimbia mzee wa tarumbeta

Yani mi nilikua nimepanga Tabata, chumba na sebule, choo ndani, laki na themanini kwa mwezi na maji hayakatiki, na ukisikia bei kama hiyo Tabata ujue kuna kitu hujaambiwa. Kitu chenyewe alikua jirani tuliyepakana ukuta. Mzee mstaarabu, salamu haachi, ila anapiga tarumbeta kwenye yale matarumbeta ya harusi, wale wanaopanda nyuma ya gari Jumamosi wanasindikiza maharusi. Na mazoezi anafanya saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu, kanieleza mwenyewe kwa upole kabisa, "alfajiri mdomo unakua laini mwanangu."

Ningevumilia. Shida alikua na wimbo mmoja tu, na huo mmoja haumalizi. Anaanza vizuri pa-pa-paa, pa-pa-paa, anapanda, anapanda, we kitandani umebana pumzi unamsubiria, akifika pale juu kabisa inatoka sauti kama mbuzi kakanyagwa na bodaboda. Kimya. Anakohoa. Anaanza upya. Miezi nane ndugu zangu! Ikafika mahali naumalizia mwenyewe ofisini kwa mluzi, bosi akaniita pembeni kuniuliza kama nyumbani kwema.

Sasa kuhama si kazi, kazi hela. Nilishalipa miezi sita ya pili na nimekaa miwili tu (ndio, nililipa tena, msiniulize). Nikamfata baba mwenye nyumba na mkataba wangu mkononi, ule wa karatasi moja wenye mhuri wa serikali ya mtaa, nikamwambia mzee naomba niondoke, unirudishie miezi yangu minne, laki saba na ishirini. Akausoma taratibu kama ndo anauona leo, akaweka kidole mstari wa chini kabisa, notisi miezi mitatu. Akavua miwani.

"Mwanangu, hela ya kodi ikishaingia inageuka bati, inageuka tofali. Sasa nikubomolee ukuta?"

Moyoni nikasema ukianza na ule wa jirani ntashukuru. Tukavutana pale mpaka chai ikaisha, mwisho akakubali nitafute mtu wa kuziba nafasi, huyo akilipa miezi sita yake mi narudishiwa changu akitoa mwezi mmoja wa usumbufu na elfu sabini ya rangi. Rangi gani sikuuliza. Laki nne na sabini sio haba.

Nikampigia dalali. Elfu kumi ya kwanza kanionesha stoo. Elfu kumi ya pili kanionesha banda la kuku lililowekwa tailizi, na kuku wawili bado hawajapewa taarifa. Ya tatu ndo tukaenda Kimara Korogwe, chumba na sebule safi, laki mbili, uwanja umefagiliwa mpaka unaona mistari ya fagio, hakuna hata jani. Mpangaji hakuwepo, mizigo yake imefungwa kwenye maboksi, dalali akasema ni dada mmoja kapata uhamisho Dodoma. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, kanyooka kama mlingoti, shingoni ana filimbi. Nikadhani ni refa. Nikatoa shikamoo, akaniangalia viatu, akaitikia marahaba. Nikaipenda ile nyumba.

"Na mtu wa kuziba nafasi yako ninaye," dalali akaniambia, "dada mtulivu, hela anayo."

Nikasema mlete Jumamosi saa tisa. Sio saa mbili, sio Ijumaa, Jumamosi saa tisa, maana muda huo mzee wa tarumbeta yuko juu ya gari huko anasindikiza watu. Dada akaja, akapenda, akakagua bomba, akasimama katikati ya sebule akaniuliza, "Kaka, na majirani?" Nikamwambia dada yangu, hapa kimya mpaka unasikia saa ya ukutani. Akanipa na hongera, eti dalali kamwambia nahama kwa sababu naoa. Nikashukuru. Ningesemaje sasa?

Kila mtu akalipa kwake. Kimara nikaweka milioni moja na laki mbili, juu yake laki mbili ya dalali. Jumapili nikakodi kirikuu elfu sitini, godoro juu, friji imelala ubavu (fundi anasema isilale, mwenye kirikuu anasema ilale), tukafika Korogwe tukakuta kirikuu kingine kimejaa mizigo kinatoka getini kinyumenyume. Mbele kakaa yule dada.

"Kaka? Si ulisema unaoa?"

"Dada? Dodoma ndo huku?"

Tukageuka wote wawili kumwangalia dalali. Dalali keshapanda boda, simu sikioni, anamwambia mtu "nipo njiani mama." Piga hesabu mwenyewe, laki mbili yangu, laki na themanini ya yule dada, na elfu kumi kumi sijui ngapi, kwa kazi ya kutubadilishana tu kama viti vya harusini.

Tukabaki tunaangaliana. Dada akaniuliza polepole, "Kaka, kweli kabisa, pale kwako kuna nini?"

"Hamna kitu dada. Kwani hapa kuna nini?"

"Hamna. Mzee tu anapenda usafi."

Jioni nikanunua LUKU ya elfu tano, ikakatwa deni la kodi ya jengo kwanza, maana tangu 2021 inakatwa humohumo, nikabaki na umeme wa kuchajia simu na taa moja. Ile kodi ni ya mwenye nyumba, najua, ila nenda we ukamwambie mtu mwenye filimbi. Nikalala. Nikalala usingizi wa mtu aliyeponea.

Saa kumi na moja alfajiri PRIIIIII!

"Wapangaji nje! Fagio mkononi! Aliyechelewa anasafisha mtaro!"

Nikatoka na bukta, nikakuta wenzangu saba wameshapanga mstari, mzee ana daftari na tochi, ananiita namba nane. Nimeshika fagio hata macho hayajafunguka, simu ikatetemeka. Voisi ya dada kutoka Tabata. Nikasikiliza, pa-pa-paa, halafu mbuzi. Chini kaandika, "Kaka, Mungu anakuona." Na mimi nikamrekodia filimbi nikamtumia. Akajibu vicheko mstari mzima, nikajua tumemalizana.

Nimefagia hatua kama kumi hivi, ikaingia voisi nyingine. Pa-pa-paa, pa-pa-paa, anapanda, anapanda, nikabana pumzi kwa mazoea, nikamsubiri mbuzi.

Mbuzi hakuja.

Mzee kapita pale juu laini kabisa, kashuka upande wa pili, kaumaliza wimbo mzima na madoido juu. Miezi nane nimekaa ukuta kwa ukuta na yule mtu! Dada kaandika, "Ila anajua bwana, wimbo mzuri." Nikasimama katikati ya uwanja na fagio langu, nikabonyeza nisikilize tena pale mwishoni, simu sikioni, ndo anapanda sasa, anakaribia kabisa...

PRIIIIII!

"Namba nane! Mtaro!"